Chester Himes: Mfungwa aliyekataa kumcheka mtu aliyetapeliwa

BUJUMBURA. Mfanyabiashara aliyezoea njia ya Gatumba kwenda Uvira, au ya Kobero kuingia Tanzania, anaijua hadithi ya noti zinazozaana. Kuna karatasi nyeusi zinazooshwa kwa dawa zikawa dola. Kuna mfuko wa vumbi la dhahabu kutoka Kivu Kusini ambalo mwenyewe analiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ana haraka. Nairobi mchezo huo umepata jina la mtaani, wash wash, na mwaka 2019 kashfa ya dhahabu bandia mjini humo ilivuma hadi Dubai. Bujumbura, ambako dhahabu na dola hupita mikono mingi kabla ya kufika benki, hauhitaji jina. Mtu akisema fulani ameliwa, wote wanaelewa.

Kuna riwaya inayoanza na mchezo huo huo, na kuna filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya hiyo mwaka 1991 ikapita karibu kimyakimya. Filamu inaitwa A Rage in Harlem. Aliyeandika riwaya alikuwa Mmarekani mweusi, Chester Himes, ambaye kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mcheza kamari, mwizi wa kutumia silaha na mfungwa. Alifariki mwaka 1984, kwa hiyo filamu hakuiona. Lakini maisha yake ndiyo yanayoeleza kwa nini inastahili kutafutwa, hasa na watu wanaotembea na fedha taslimu kiunoni.

Himes alizaliwa Julai 29, 1909 katika mji wa Jefferson City, jimbo la Missouri. Baba yake, Joseph, alikuwa fundi na mwalimu wa kazi za mikono katika vyuo vya watu weusi. Mama yake, Estelle, alikuwa mwalimu pia, mwanamke mwenye ngozi nyeupe zaidi kuliko mumewe na mwenye kiburi cha ukoo wake. Nyumba haikukosa kitabu wala ugomvi. Familia ilihama kila baba alipopata au alipopoteza kazi.

Walipokuwa Pine Bluff, Arkansas, jambo moja liliipasua familia hiyo. Chester na kaka yake, Joseph mdogo, walitakiwa kuonyesha jaribio la kemia mbele ya watu shuleni. Mama alimzuia Chester kushiriki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Joseph akafanya peke yake, mchanganyiko ukalipuka, akapoteza macho. Alipokimbizwa hospitali ya karibu, alikataliwa kwa sababu ilikuwa ya wazungu. Joseph baadaye alisoma akiwa kipofu hadi akawa mtaalamu wa elimu ya jamii. Chester alibeba hatia ya mtu ambaye angekuwepo na hakuwepo, na katika kumbukumbu zake za uzeeni tukio hilo bado lilikuwa bichi.

Familia ilihamia St. Louis, kisha Cleveland, Ohio. Huko akiwa kijana, akifanya kazi hotelini, alianguka ndani ya shimo la lifti na kuumia vibaya mgongo. Alilipwa fidia, akapona kwa kiasi, na mwaka 1926 akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mjini Columbus. Hakudumu. Alifukuzwa, akarudi Cleveland na kuzama kwenye nyumba za kamari, ambako wahuni wakubwa walimpenda kwa sababu alikuwa kijana mpole mwenye uso wa mtoto.

Novemba 1928 alimsikia dereva mmoja akijisifu kuhusu utajiri wa mabosi wake, mtu na mkewe waliokuwa wazee, huko Cleveland Heights. Himes alikwenda na bastola. Aliondoka na fedha na vito, akatorokea Chicago. Kilichomponza ni haraka ya kuuza. Aliipeleka pete kwa mnunuzi ambaye hakumfahamu, katika mji ambao hakuujua, na mnunuzi huyo akaita polisi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alining'inizwa kichwa chini na kupigwa hadi akakiri. Alikuwa na umri wa miaka 19 alipohukumiwa kifungo cha kati ya miaka 20 na 25 na kazi ngumu.

Gereza la Ohio mjini Columbus lilikuwa limejaa kupita kiasi. Aprili 21, 1930 moto ulizuka, na wafungwa zaidi ya 320 wakafa, wengi wakiwa wamefungiwa ndani ya vyumba vyao. Himes alinusurika. Alikuwa ameshaanza kujipatia fedha gerezani kwa njia aliyoijua, yaani kamari, na kwa fedha hizo alinunua mashine ya kuchapa. Hadithi zake fupi zilianza kutoka kwenye magazeti ya watu weusi, kisha mwaka 1934 jarida kubwa la Esquire likachapisha hadithi zake mbili. Moja ilihusu ule moto. Nyingine ilipotoka, mahali pa jina la mwandishi palikuwa na nambari yake ya ufungwa, 59623.

Aliachiwa kwa masharti mwaka 1936, baada ya miaka saba na nusu. Mwaka uliofuata alimuoa Jean Johnson, mwanamke aliyemjua tangu kabla ya gereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikwenda California kufanya kazi kwenye viwanda vya meli, na huko akaandika If He Hollers Let Him Go, riwaya ya mwaka 1945 kuhusu msimamizi mweusi wa kiwanda cha meli anayebanwa na ubaguzi siku baada ya siku hadi anakaribia kupasuka. Kitabu kilisomwa. Cha pili, Lonely Crusade cha mwaka 1947, kilishambuliwa na karibu kila upande, wa kushoto na wa kulia, weusi na weupe. Pigo hilo lilimkaa rohoni. Alirudia kazi za ubawabu na kuangalia nyumba za watu. Ndoa yake nayo ilivunjika. Mwaka 1953 alipanda meli kwenda Ufaransa.

Hapo ndipo maisha yake yanapomhusu zaidi mtu wa mpakani. Bidhaa iliyokosa bei nyumbani ilivuka maji na kupata soko. Ila haikuwa mara moja. Paris ya wakati huo ilikuwa na waandishi weusi wa Marekani waliokimbia ubaguzi, Richard Wright na James Baldwin wakiwa mashuhuri zaidi, na Himes alikuwa maskini kuliko wengi wao. Aliishi kwa malipo ya awali ya wachapishaji, na alipokaribia umri wa miaka 50 hakuwa na nyumba wala akiba.

Aliyembadilishia mambo alikuwa Marcel Duhamel, mhariri wa Série Noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu wa kampuni ya Gallimard, vile vitabu vidogo vyenye jalada jeusi na njano. Duhamel alikuwa ameshatafsiri kitabu cha kwanza cha Himes kwa Kifaransa. Alimtaka aandike riwaya ya upelelezi. Himes alisita, kwani hakujiona mtu wa aina hiyo ya maandishi, lakini njaa haina mjadala. Ushauri aliopewa ulikuwa rahisi: aanze na tendo, watu waseme na kutenda, mawazo yao ayaache.

Akaanza na jiko na noti.

Jackson ni kijana mnene, mcha Mungu, mwajiriwa wa Bwana Clay mwenye kampuni ya mazishi huko Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Anaishi na mwanamke anayeitwa Imabelle na anampenda hadi haoni mbele. Anataka kumuoa, fedha hazitoshi. Anatambulishwa kwa bwana mmoja mwenye utaalamu wa kugeuza noti za dola 10 kuwa za dola 100. Jackson anatoa akiba yake yote, dola 1,500, ili azae 15,000. Noti zinavingirishwa kwenye karatasi yenye dawa, zinaingizwa jikoni, jiko linalipuka, na mara mlango unafunguliwa na ofisa wa serikali aliyekuja kukamata watengeneza fedha bandia. Wenzake wote wanatoweka, Imabelle akiwemo. Jackson peke yake anabaki mikononi mwa ofisa huyo, ambaye naye ni mmoja wa matapeli.

Ofisa wa uongo ndiye kufuli la mchezo mzima, na Himes alilijua kufuli hilo kwa sababu aliishi na watu walioliunda. Dawa, karatasi na jiko ni maonyesho tu. Kinachomfunga mwathirika ni kwamba yeye mwenyewe ameshafanya kosa. Kugeuza noti ni jinai, sasa ataenda kushtaki wapi? Ndivyo ilivyo kwa anayenunua dhahabu isiyo na karatasi, au anayebadilisha dola uchochoroni kwa sababu bei ya benki haimlipi. Akiliwa, ananyamaza, na ukimya wake ndio mtaji wa tapeli kwa mteja atakayefuata.

Jackson naye hanyamazi tu, anazidi kuzama. Anaiba dola 500 kwenye sefu ya Bwana Clay ili amhonge yule ofisa, na zinazobaki anazipeleka kwenye kamari akitumaini kurudisha zote kabla ya asubuhi. Kisha anamtafuta pacha wake, Goldy, anayejipatia riziki kwa kuvaa kama mtawa wa kike na kuwauzia wapita njia tiketi za kwenda mbinguni. Kuanzia hapo hadithi inakimbia kwa kasi ya kutisha. Kuna kisu, kuna tindikali inayomwagwa usoni mwa mpelelezi, kuna gari la maiti linalokatiza mitaa alfajiri likiwa na mzigo usiotakiwa kuonekana. Na kuna kasha la Imabelle linalosemekana limejaa dhahabu. Kila mtu analifukuzia. Katika riwaya, kilichomo ni mawe ya njano yasiyo na thamani, chambo cha matapeli wanaouza hisa za mgodi uliopotea.

Msomaji wa Kiswahili angetarajia methali ije hapo: tamaa mbele, mauti nyuma. Inamtosha kila aliyeibiwa, na humwacha tapeli aende zake. Himes hakuitumia. Jackson katika mikono yake hana tamaa ya mali. Anataka harusi. Anamwamini Imabelle wakati ambapo kila mtu, msomaji akiwemo, ameshakata tamaa naye, na anapita katikati ya wauaji akimuulizia. Kitabu kinachekesha kweli, lakini kicheko hakimwangukii yeye. Kwa mwandishi aliyewahi kushika bastola mbele ya wazee wawili, hilo si jambo dogo.

Marekani kitabu kilitoka mwaka 1957 kwa jina la For Love of Imabelle, toleo la bei nafuu la jalada laini, na hakikutikisa lolote. Ufaransa kilitoka 1958 kama La Reine des pommes, na mwaka huo huo kikashinda tuzo kubwa ya fasihi ya upelelezi ya nchi hiyo. Jean Giono na Jean Cocteau walikisifu. Mwafrika wa Bujumbura au Bukavu aliyesoma Kifaransa aliweza kukisoma kwa jina lake la heshima wakati Wamarekani wenyewe walikiona kama kitabu cha kituo cha mabasi.

Baada ya hapo Himes aliendelea na wapelelezi wake wawili, Grave Digger Jones na Coffin Ed Johnson, polisi weusi wanaolinda mtaa wa weusi kwa niaba ya serikali ya weupe na wanaojua ubaya wa nafasi hiyo. Harlem hiyo aliiandika zaidi akiwa Ulaya, kwa kumbukumbu na kubuni. Hakuwa mwenyeji wa mtaa huo, na wanaotafuta ramani sahihi ndani ya vitabu hivyo watapotea. Kilicho sahihi ni bei za vitu, njaa, na namna maneno yanavyotumika kumvua mtu fedha zake. Katika Cotton Comes to Harlem, kwa mfano, mchungaji wa uongo anakusanya dola 1,000 kutoka kwa kila familia, familia 87, akiahidi kuwarudisha Afrika kwa meli. Dola 87,000 zinaishia ndani ya robota la pamba.

Riwaya hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya hizo kufanyiwa filamu Marekani. Ossie Davis aliiongoza, ikatoka mwaka 1970 na kujaza kumbi. Ya pili, Come Back, Charleston Blue, ilifuata 1972 ikiwa dhaifu zaidi. Himes wakati huo alikuwa ameshapata kiharusi, mwaka 1963 akiwa Mexico, na tangu 1969 aliishi Moraira, kijiji cha pwani ya Hispania, na Lesley Packard, Mwingereza aliyemtunza hadi mwisho na ambaye alimuoa mwaka 1978. Aliandika vitabu viwili vya maisha yake, vya 1972 na 1976, vyenye hasira na visivyomsafisha mwenyewe. Alifariki Novemba 12, 1984.

Miaka saba baadaye, Bill Duke, mwigizaji aliyejulikana zaidi kwa filamu za mapigano kama Predator, aliirudia hadithi ya Jackson. Harlem ya 1956 ilijengwa upya katika mitaa ya Cincinnati, katika Ohio ile ile iliyomfunga Himes. Forest Whitaker alikuwa Jackson, Robin Givens Imabelle, Gregory Hines Goldy, na Danny Glover mkubwa wa wahalifu anayeitwa Easy Money. Zakes Mokae wa Afrika Kusini aliigiza Big Kathy, mwanamume anayevaa kike na kuendesha danguro. Filamu ilishindanishwa katika tamasha la Cannes mwaka 1991.

Mwaka huo haukuwa na nafasi. New Jack City ilikuwa imetangulia, Jungle Fever na Boyz n the Hood zikafuata, zote zikizungumzia Marekani nyeusi ya wakati huo, dawa za kulevya na bunduki za siku hiyo. Filamu ya suti za mwaka 1956, inayochekesha kisha ghafla inamwaga damu, ilionekana haijui inataka nini. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Wapelelezi wawili wamesukumwa pembeni hadi hawana kazi ya maana. Na dhahabu ya kasha, ambayo katika kitabu ni mawe, hapa ni dhahabu halisi iliyotoka Mississippi. Badiliko hilo linaondoa kejeli bora ya Himes, ya watu kuuana kwa ajili ya kitu ambacho hata mchuuzi wa Buyenzi angekipima kwa jino na kukitupa.

Lakini Duke alilinda jambo kubwa kuliko dhahabu. Whitaker hamwigizi Jackson kama zuzu. Anampa mwili mzito wenye aibu, macho yanayosubiri kuaminiwa, na ukaidi unaokua taratibu mpaka mtazamaji aliyeanza kwa kumcheka anajikuta anaogopa kwa niaba yake. Filamu za utapeli karibu zote humpenda tapeli. Anavaa vizuri, anasema vizuri, na aliyeibiwa huonekana kwa dakika mbili tu akishika kichwa. Hapa kamera inabaki na aliyeibiwa. Inamfuata nyumbani, kazini na kwenye dansi ya watu wa mazishi, ambapo Screamin' Jay Hawkins anapanda jukwaani. Inamfuata mpaka mahali ambapo aibu inaisha na mtu anaanza kuuliza maswali kwa sauti.

Hiyo ni hadithi ambayo eneo hili halijaisimulia vya kutosha kwa picha. Burundi ilipata filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya A Rage in Harlem, pale Léonce Ngabo alipotoa Gito l'ingrat, kichekesho cha msomi anayerudi kutoka Ulaya akidhani uwaziri unamsubiri. Tangu hapo vimeandikwa visa vingi vya vita na wakimbizi. Mfanyabiashara wa noti na mizigo amebaki nje ya skrini, ingawa yake si hadithi fupi. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipobadilisha noti za faranga 5,000 na 10,000, muda wa kurudisha za zamani ulikuwa siku 10. Kwa mwenye akiba yake sandukuni upande wa pili wa mpaka, karatasi kugeuka kuwa si fedha hakukuhitaji jiko wala dawa.

Katika kurasa za mwisho za riwaya, Jackson anarudi kwa Bwana Clay, na Clay anamrudisha kazini. Harlem imepata maiti wengi kwa siku chache, na kampuni ya mazishi haina malalamiko.

Whitaker alikuja Uganda miaka kadhaa baadaye kuigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyompa tuzo ya Oscar, na Kampala nzima ikamjua. Miaka 15 kabla ya hapo alikuwa Jackson, katika suti nyeusi ya mazishi, akizunguka usiku kumtafuta mwanamke na kasha ambavyo kila mtu alimwambia avisahau.